Alhamisi za Kimya

Jumatatu, tarehe 3

Vijana wameingia, sitini na wawili, pamoja na matope yao. Mvua imewapokea getini kabla yangu. Kaka yangu, mkurugenzi wa kambi hii, alisimama barazani chini ya mwavuli akawahutubia kama waziri, tumbo mbele, huku mimi naandika majina kwenye daftari lililolowa. Nilistaafu ualimu ili nipumzike. Nimepumzika kweli.

Kaka anataka niandike kijitabu. Mwezi ujao baraza la wadhamini linakuja kuamua kama kambi iendelee au ifungwe, naye anataka wakikute mezani: historia ya kambi na huduma zake. "Wewe ndiye mwenye lugha, dada," alisema. Huyu akitaka kunitwika mzigo hunisifu kwanza. Tangu utotoni.

Jumanne, tarehe 4

Mvua. Viatu vitatu vimepotea, vyote vya mguu wa kushoto.

Jumatano, tarehe 5

Nimeanza kijitabu. Mahali hapa palikuwa kiwanda cha mbao, na baba yetu ndiye aliyesimamia misumeno. Kiwanda kilipofungwa yalibaki mabweni ya wafanyakazi, ghala ambalo sasa ni bwalo la chakula, banda la misumeno kule msituni ng'ambo, na daraja la waya la kuvukia mto kwenda huko. Baba akaomba aachiwe, akafungua kambi ya vijana. Watu walimcheka. Wenye nyumba zao nzuri mjini watawaleta watoto kulala kwenye vitanda vya wapasua mbao? Wakawaleta.

Wakati huo misumeno ilikuwa imeshamla masikio, hasikii hata mlango ukigongwa. Ndiyo maana akaweka siku ya kimya, kila Alhamisi, ili mara moja kwa wiki sote tuishi kama anavyoishi yeye. Toka chai ya asubuhi mpaka kengele ya saa kumi hakuna kusema. Mwenye neno analiandika kwenye karatasi na kulitia sandukuni. Vijana huvuka daraja wakakaa msituni, kila mtu na mti wake. Kengele ikilia, wanarudi.

Baba alipofariki niliichukua Alhamisi mikononi mwangu. Sanduku nalifungua mimi baada ya chakula cha jioni na kuwasomea watu yanayosomeka. Walimu, wanandoa waliochokana, vikundi vya dini zote hurudi hapa kwa sababu ya siku hiyo moja. Kaka ana tumbo na hotuba. Mimi nina Alhamisi.

Alhamisi, tarehe 6

Kimya cha kwanza cha msimu, na kimevunjwa saa nne asubuhi, kabla vijana hawajavuka. Msichana mmoja mwenye koti la mvua la njano, mwembamba, mdomo haufungi tangu ashuke kwenye basi, alipita jikoni akapiga ukelele, "Mpishi, moto!" Kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kimegusa jiko.

Nimemsugulisha masufuria yote. Mpishi aliniangalia kwa jicho baya, lakini mpishi yuko hapa toka enzi za baba na jicho lake nimelizoea.

"Lakini mwalimu, kitambaa kilikuwa kinaungua!" msichana alilalamika baada ya kengele.

"Ungeandika," nikamwambia.

Walezi walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, rohoni.

Ijumaa, tarehe 7

Fundi alikuja ofisini na kofia mkononi, na fundi akivua kofia jua kuna lawama. Ni mtu wa kulalamika. Bati linalia, bomba linalia, na yeye analia. Leo ni daraja. Anasema nguzo ya ng'ambo udongo wake unalainika, lifungwe mpaka mvua zikatike.

"Vijana watapita wapi?" Kaka akauliza.

"Barabara ya malori, bosi."

"Saa mbili kwa miguu, kwenda tu! Halafu baraza lisikie daraja limefungwa? Hao wakifunga daraja wametufunga na sisi. Litazame tazame mpaka msimu uishe."

Fundi akanigeukia. "Mwalimu, na wewe unaonaje?"

Nikasema Kaka yuko sahihi, na kwamba nguzo hiyo imesimama kabla fundi hajazaliwa. Akavaa kofia akaondoka.

Jumatatu, tarehe 10

Mvua. Msichana wa koti la njano ameomba msamaha bila kutumwa na mtu. Nimempa peremende. Anajua majina ya vijana wote sitini na wawili, mimi bado napapasa.

Jumanne, tarehe 11

Mto umepanda mpaka kwenye jiwe la kufulia. Fundi amejaza mawe kwenye mguu wa nguzo na kutangaza sheria yake: wapite watatu watatu, wasikimbie. Anasimama pale darajani kutwa nzima kama polisi wa barabarani, koti lake limeoza kwa maji. Kaka anasema anajitafutia umuhimu. Nilikubali, ila mchana nilimpelekea chai, na sijui kwa nini nimeandika hilo.

Alhamisi, tarehe 13

Kimya cha pili. Kimepita safi, hata kijiko hakikulia. Koti la Njano alitembea na penseli sikioni kama seremala. Kwenye sanduku: wawili wanapendana, mmoja amemkumbuka mbwa wake, mmoja anadai mlezi wao anakoroma. Na moja ya Koti la Njano: "Mwalimu, leo nimeweza." Niliisoma kwa sauti na bwalo zima likampigia makofi.

Jumamosi, tarehe 15

Huduma, kwa mujibu wa kijitabu: mabweni manne, mitumbwi sita (mmoja unavuja, sikuandika), kamba za kupandia, semina, vyumba vya tafakari kwa wageni wanaohitaji utulivu, siku ya kimya. Kaka ameongeza kwa mkono wake: "Usalama wa vijana ndio kipaumbele chetu." Nikamwambia sentensi hiyo iko kwenye kila kijitabu duniani. Akasema basi na sisi tusipitwe.

Jumatatu, tarehe 17

Haijakatika tangu jana. Fundi alirudi ofisini. Safari hii hakuvua kofia. Alisema neno moja tu, "Alhamisi," akatuangalia. Kaka akamwambia hii ndiyo Alhamisi ya mwisho, tumebakiza siku chache, avumilie. Mimi nilikuwa nahariri kijitabu. Sikuinua kichwa.

Jumatano, tarehe 19

Mvua.

Alhamisi, tarehe 20

Siwezi.

Ijumaa, tarehe 21

Naandika kwa sababu mikono inataka kazi.

Jana asubuhi mvua ilipungua, vijana wakavuka, watatu watatu, fundi akiwahesabu. Kulikuwa shwari. Mimi nilikaa barazani, kengele kulia kwangu, sanduku kushoto. Mto ulikuwa unanguruma kiasi kwamba kimya chenyewe hukisikii.

Saa sita na ushei nikamwona Koti la Njano anarudi peke yake darajani, anatembea kama anayekanyaga mayai. Alifika kwangu akitweta, akanishika mkono wa gauni. Akaonyesha mtoni. Akasimamisha kiganja, akakiinamisha. Akaonyesha kengele, akatikisa kichwa. Nikadhani amechoka na baridi, anaomba tumalize mapema. Walishawahi kunijaribu hivyo. Nikaweka kidole mdomoni. Nikamwonyesha karatasi na sanduku.

Alifungua mdomo. Naapa, aliufungua. Halafu akaufunga, akaandika, akakunja karatasi mara nne na kuitia. Akabaki amesimama ananitazama, anatazama sanduku, ananitazama. Nikamwashiria akakae bwaloni. Akaenda.

Saa kumi nilipiga kengele, mapigo kumi kama kawaida. Sikuwa nimemaliza, msichana akatoka bwaloni mbio akanipita kuelekea mtoni. Nikasema moyoni, huyu anawakimbilia wenzake.

Kisha nikasikia kitu kinakatika. Si kelele kubwa. Halafu vijana.

Walionisimulia ni walezi. Kengele ilipolia vijana walitoka msituni, na pale darajani fundi hakuwepo. Watatu wa mwanzo wakaingia. Fundi akatokea nyuma yao, upande wa banda la misumeno, anakimbia, mnyororo begani, anapiga kelele warudi. Mto ukameza sauti yake. Akautupa mnyororo akaingia darajani kuwafuata, akawashika wawili wa nyuma akawarusha nchi kavu kama magunia. Wa tatu alikuwa katikati. Fundi alipomfikia, nguzo ikang'oka. Kijana aling'ang'ania mbao mpaka tukamvuta. Fundi waya ulimzunguka mguu, ukambana kwenye mwamba. Walimtoa baada ya nusu saa. Nilimshika kichwa. Alinitazama, akasema, "Mbona umepiga?" Halafu akazimia.

Leo hospitali wameukata mguu, juu ya goti.

Wazazi wamekuja kuwachukua watoto toka asubuhi. Koti la Njano aliondoka na mama yake. Alinitafuta kwa macho pale uwanjani. Nikajifanya nahesabu mabegi.

Jumamosi, tarehe 22

Nimefungua sanduku. Nilijifungia chumbani mchana, na karatasi niliijua kabla ya kuigusa, kwa jinsi ilivyokunjwa.

"Mwalimu, fundi kanituma. Nguzo ya ng'ambo imeinama. Vijana wametawanyika hawezi kuwazungukia wote, na anakwenda banda la misumeno kufuata mnyororo. Anasema usipige kengele mpaka akupungie kitambaa. Tafadhali soma SASA."

Sasa imepigiwa mstari mara tatu. Penseli imetoboa karatasi.

Nimeiweka humu daftarini.

Jumatatu, tarehe 24

Kaka anaandika taarifa kwa baraza. Ameniomba nimsahihishie. "Mfanyakazi aliyekabidhiwa daraja aliacha kituo chake bila kutoa taarifa." Nilisahihisha alama za mkato.

Jumanne, tarehe 25

Fundi amezinduka. Kaka alikwenda kumwona, akarudi na uso mgumu.

"Eti alimtuma mtoto. Mwenye koti la njano. Ni dawa zile, anaweweseka." Akafunga mlango. "Kwenye sanduku kulikuwa na kitu?"

"Karatasi za watoto tu," nikasema.

Imetoka laini kabisa. Miaka thelathini na moja nimewachapa watoto wa watu kwa uongo, na mimi imenitoka laini hivyo.

Kaka hakuniuliza tena. Alishusha pumzi, na hapo nikajua kwamba hata yeye alikuwa anaogopa jibu. Nimemdhania mpumbavu maisha yangu yote. Si mpumbavu. Ni mwoga, na mimi ndiye pacha wake.

Alhamisi, tarehe 27

Hakuna watu kambini lakini saa kumi mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kamba ya kengele. Nimeifungua kamba nikaitupa stoo.

Ijumaa, tarehe 28

Mke wa fundi amekuja kuchukua vifaa vya mumewe. Mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Aliifunga misumeno kwenye shuka, moja moja, kama anavisha watoto. Halafu akaja ofisini.

"Mwalimu, watu wanasema mume wangu alitoroka kazini."

"Taarifa bado inaandikwa, mama."

"Yeye anasema alimtuma binti mmoja. Koti la njano. Wewe una daftari la majina, si ndiyo? Nisaidie jina tu. Nitamtafuta mwenyewe."

Daftari lilikuwa mezani baina yetu, limefungwa. Nikamwambia lililowa siku ya kwanza, majina hayasomeki. Alilitazama daftari. Alinitazama mimi. Akasema asante, akajitwika shuka akaenda zake kwenye mvua. Nusura nimwite.

Jumatatu, tarehe 1, mwezi mpya

Mvua zimekatika. Jua limetoka kana kwamba halijui lolote.

Mpishi alikuwa anachambua maharage, ya watu wawili tu sasa. Nikakaa kumsaidia. Nikamwambia kijitabu hakina maana tena, lakini nataka kumalizia ile sehemu ya siku ya kimya jinsi baba alivyoianzisha.

"Andika ukweli basi," akasema.

"Ukweli gani?"

"Marehemu hakuwa anasubiri jioni. Alikaa na lile sanduku miguuni tangu asubuhi, na karatasi ikianguka tu keshaifungua. Hata bafuni alikwenda nalo, tukawa tunamcheka. Lilikuwa sikio lake lile. Hayo mambo ya kusoma jioni na makofi umeyaleta wewe, mwanangu."

Nilikuwa sijui. Au nilikuwa najua. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nilimwona. Nadhani jioni ilinipendeza kwa sababu watu walinitazama mimi.

Mpishi aliendelea kutupa mawe kutoka kwenye maharage. "Yule binti alirudi peke yake siku ile," akasema bila kunitazama. "Dirisha la jikoni linaona barazani."

Nikainuka nikatoka.

Alhamisi, tarehe 4

Sijala chumbani wala bwaloni. Uongo, nimekula. Nakula vizuri sana siku hizi, na hilo linanitisha.

Jumapili, tarehe 7

Kaka amenionyesha taarifa iliyokamilika. Fundi anaachishwa kazi kwa uzembe. Kambi inaokolewa. "Ni mguu wake au kambi ya baba," alisema. "Mguu umeshakwenda, dada. Baba tutamrudishaje?" Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa hajalala, na nilimhurumia, kwa kuwa anaamini kweli kwamba anamtetea baba.

Nikamwambia, "Kaka, kama mtoto alitumwa kweli?"

"Basi mtoto huyo hakufika," akajibu haraka. "Si ulisema sandukuni ni karatasi za watoto tu?"

Jumatano, tarehe 10

Kesho baraza. Nimeitoa karatasi, nimeisoma, nimeirudisha. Mara nne. Nimejiambia kwamba nikinyamaza, msichana ni mdogo, atasahau.

Alhamisi, tarehe 11

Wadhamini walikuwa watano, wamekaa kwenye meza ndefu ya bwalo, kila mmoja na kijitabu mbele yake. Kaka alisoma taarifa. Alisoma vizuri. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani aliyewahi kuwa hakimu, akauliza kama kuna mwenye la kuongeza.

Mke wa fundi akasimama kule nyuma. Hakualikwa. "Nimekuja na mtu," akasema.

Alizunguka shule moja hadi nyingine wiki mbili, akiuliza nani alikwenda kambi na koti la njano. Bila daftari langu.

Msichana aliingia na mama yake. Amekonda. Hakuwa na koti, amevaa sare ya shule, na nusura nisimtambue kwa sababu alikuwa ametulia tu, mikono mgongoni. Yule mtoto wa mdomo usiofungwa.

"Fundi alikutuma siku ile?" mwenyekiti akamuuliza kwa upole.

"Alinituma."

"Alikwambia nini?"

"Niseme kengele isipigwe."

"Ukasema?"

Akaniangalia. Mara moja tu. Kisha akaangalia sakafu.

"Sikusema. Ilikuwa siku ya kimya. Niliogopa." Akazidi kukaza mikono mgongoni. "Ni mimi. Mguu wake ni mimi."

Hakutaja karatasi. Hakunitaja. Nilimsikia Kaka pembeni yangu anavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeona mlango umefunguka, na pumzi ile ndiyo iliyoniinua. Siwezi kudai ni wema. Nilichukia kuisikia, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeivuta.

"Alifikisha," nikasema.

"Dada, kaa chini," Kaka akanong'ona.

"Alikuja barazani akanishika mkono. Alinionyesha mto, akanionyesha kengele. Nilimziba mdomo kwa kidole changu, nikamwambia aandike. Akaandika. Hii hapa. Sanduku lilikuwa mguuni kwangu zaidi ya saa tatu, sikulifungua. Halafu nikapiga kengele. Na karatasi hii ninayo tangu siku ya tatu. Kaka aliniuliza nikamdanganya. Mama huyu aliniomba jina nikamdanganya."

Mwenyekiti akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "soma SASA" alivua miwani. Kaka aliweka kiganja juu ya kijitabu chake kama anayekifunika kisipate baridi. Hakunitazama, na sidhani kama atanitazama mwaka huu.

Walijadiliana dakika chache. Fundi amesafishwa jina, na barua itaandikwa leo. Kambi inafungwa. Mimi nitaitwa kwenye mamlaka husika kutoa maelezo. Nilikuwa namtazama msichana, nikingojea uso wake ufunguke, maana nilidhani nimemtua mzigo. Alikuwa analia tu, ameegemea ubavu wa mke wa fundi.

Niliwafuata nje. Nikamwambia, "Mwanangu, hukukosa kitu. Uliniambia, na nilikuona. Nisamehe."

Akatikisa kichwa, sijui ni kukubali au kukataa. Mama yake ndiye aliyejibu. Alimsogeza mtoto nyuma yake kwanza.

"Wiki tatu huyu hali. Nikimpikia anasema, mama, fundi ana mguu mmoja, mimi nitakulaje. Wiki tatu, mwalimu. Na hiyo karatasi unayo." Alinisogelea. "Wewe ulikuwa unakula?"

Nina maneno mengi, nimelipwa maisha yangu yote kwa maneno.

"Nilikuwa nakula," nikamjibu.